Miwani ya Mgeni na Bahari ya Kawe

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuzishughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na ni mara chache tumeuelekeza uchambuzi wetu kwenye maandishi yasiyodai kuwa fasihi. Hata hivyo yako maandishi ya namna hiyo yenye wasomaji wengi, ambayo yamejenga sura ya nchi yetu katika fikira za walimwengu na, jambo lililo zito zaidi, katika fikira zetu sisi wenyewe. Mojawapo ni masimulizi ya likizo ya visiwani. Huyaandika mgeni wa kutoka nchi za baridi ambaye, theluji inapoanguka kwao, hupanda ndege akaja hadi kisiwa fulani cha nchi za joto, akavaa miwani ya mpira na mrija wa kuvutia pumzi, akalala kifudifudi juu ya maji na kutazama samaki. Arudipo kwao huandika aliyoyaona. Tunakusudia kuyahakiki maandishi hayo kama tuhakikivyo utungo wowote: yana muundo gani, yametumia lugha gani, yanamwonyesha nani na yanamficha nani.

Tumechagua kuyatazama tukiwa tumesimama Kawe, katika Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, wala si Unguja au Mafia ambako wageni wa namna hii ni wengi zaidi. Kawe haikupata kuwa mahali pa sifa katika vitabu vya watalii. Wazee wake huikumbuka zaidi kwa kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichosindika nyama ya ng'ombe katika makopo na ambacho kilifungwa zamani, jina lake likabaki kuwa jina la viwanja. Lakini mtu akishuka hadi pwani ya Kawe ataviona visiwa kwa macho yake: Bongoyo mbele ya rasi ya Msasani, Mbudya mbele ya Kunduchi, na Pangavini kati yake, kaskazini zaidi liko Fungu Yasini. Vyote vinne vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975. Kile ambacho mgeni hukifuata kwa ndege, kwa safari ya usiku kucha, mwanafunzi wa Kawe anacho mwisho wa mtaa wake. Na hapa ndipo lilipo swali la makala haya: mwanafunzi huyo akitakiwa kuieleza bahari yake, ataieleza kwa macho ya nani?

Tuanze na muundo. Msomaji akiyasoma masimulizi kumi ya aina hii ataona kwamba amesoma moja. Hufungua kwa baridi: msimulizi anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, siku ni fupi, watu wamenuna. Kisha ndege, na joto linalompiga usoni mlangoni mwa ndege. Kisha mashua na maji yaliyo angavu hata nanga inaonekana chini. Kisha saa yenyewe ya kutia uso majini, na hapo lugha hubadilika ghafula: sentensi huwa fupi, rangi huwa nyingi, alama za mshangao hufuatana. Kilele aghalabu ni kasa, au pomboo wakijitokeza. Baada yake huja machweo ya jua, samaki wa kuchoma, na safari ya kurudi penye theluji. Hatusemi kwamba kuwa na kanuni ni aibu. Ngano zetu pia zina kanuni zake, kuanzia mwito wa kufungulia hadithi hadi maneno ya kuifunga, na hakuna aliyepata kuzidharau kwa hilo. Tunaloliuliza ni jingine: kanuni hii inamzuia msimulizi asione nini?

Kwanza, inamzuia asione majira. Mgeni hubeba kalenda yake kama abebavyo sanduku lake, naye akiwa amelala mchangani Mbudya mwezi wa Desemba huendelea kuuita wakati ule majira ya baridi. Kwetu huo ni wakati wa kaskazi, ambapo maji ya bahari hufikia nyuzi 28 au 29 za Selsiasi na mvuvi hutafuta kivuli tangu saa nne ya asubuhi. Baridi yetu, kama inastahili kuitwa baridi, ni kipupwe cha mwezi wa Juni na Julai, wakati kusi inapovuma na mawimbi yanapochafuka. Tofauti hii si ya maneno tu. Kaskazi ndiyo pepo iliyoyaleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi katika pwani yetu kwa karne nyingi. Kwa hiyo mgeni anayefika Desemba si jambo jipya hata kidogo. Yeye ndiye mgeni wa kale kuliko wote tulio nao. Lakini yule wa zamani hakuweza kuondoka ilipoendelea kuvuma pepo iliyomleta. Alilazimika kungoja hadi kusi ishike, na katika miezi ile ya kungoja alijifunza lugha, alikopa na kukopesha, aligombana na jirani, pengine akaoa. Mgeni wa ndege huja na kaskazi na kuondoka na kaskazi ile ile, baada ya wiki mbili. Masimulizi yake yana upungufu ambao hauwezi kurekebishwa kwa ufundi wa kalamu, kwa maana chanzo chake ni ufupi wa kungoja.

Pili, inamzuia asimwone nahodha. Katika masimulizi haya karibu kila mara yuko kijana mwenye mashua. Hupewa jina moja, tabasamu moja na sentensi moja ya Kiingereza kibovu, kisha hufutika. Msimulizi hutuambia kwamba kwa bahati njema waliyakuta maji yametulia na kuwa safi. Bahati gani? Katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita meta 3. Wakati huo, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji huenda kasi, mkondo huwa mkali na tope huinuka. Wakati wa maji mafu mkondo hulegea. Nahodha aliujua mwezi, akaijua saa, akaujua upande wa mwamba uliokingwa na upepo, naye akamwambia mgeni waondoke saa mbili na nusu wala si saa nne. Elimu hiyo yote, ambayo ingejaza sura nzima ya kitabu, imeandikwa kuwa bahati. Hili ndilo kosa kubwa la kifasihi katika utungo huu, na tungependa wanafunzi walizingatie kwa sababu linatokea pia katika maandishi mengine mengi: mtendaji akikosa sauti, utendaji wake hugeuzwa kuwa tabia ya nchi.

Inafaa kukumbuka kwamba katika nchi hii utalii uliwahi kubishaniwa kwa nguvu. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali katika gazeti juu ya utalii na ujenzi wa ujamaa, na mwaka 1973 Issa Shivji aliyahariri maandishi ya mjadala huo yakachapishwa kama kitabu na Tanzania Publishing House. Hoteli kubwa za pwani ya Kunduchi, jirani kabisa na Kawe, zilikuwa bado mpya. Sehemu kubwa ya mabishano ilihusu fedha za kigeni na heshima ya mwananchi anayemhudumia tajiri. Hayo yalikuwa maswali ya haki na bado hayajazeeka. Lakini lugha ambayo mgeni huitumia kuieleza bahari yetu, nayo ni aina ya mali, haikupata nafasi kubwa katika mabishano yale. Ni nani huipa bahari majina?

Tutazame basi majina. Chini ya maji msimulizi huona samaki wa rangi ya njano, wa rangi ya buluu, wenye milia, wenye madoa, mmoja mwenye mdomo kama wa kasuku. Rangi tupu. Ni kama mtu aliyeingia katika mji mgeni akatuambia kwamba aliwaona watu wenye mashati mekundu na watu wenye mashati meupe. Mvuvi wa Kunduchi au Msasani akitazama mahali pale pale huona kitatange, kangaja, kikande, changu, tasi, chewa katika pango lake na mkunga katika tundu. Na kila jina huja na habari zake. Tasi ana miiba yenye sumu, hivyo huondolewa kwenye wavu kwa hadhari. Bunju, ambalo mwanafunzi wa Kawe hulisoma kwenye daladala za Barabara ya Bagamoyo kama jina la kitongoji, ni pia jina la samaki anayejivimbisha kama mpira, ambaye nyama yake huua.

Mfano ulio bora kuliko yote ni pono. Kila Mswahili, hata aliyezaliwa mbali na bahari, amepata kusikia mtu akiambiwa kwamba amelala kama pono. Wengi huutumia msemo huo bila kujua kwamba una uchunguzi ndani yake. Pono ndiye yule samaki mwenye mdomo wa kasuku. Mchana hukwangua mwamba kwa meno yake yaliyoungana. Usiku hujiingiza katika mianya akalala usingizi mzito, na baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute mwili mzima hadi asubuhi. Wataalamu wa viumbe wameueleza utando huo katika vitabu vyao. Lakini ili msemo wetu upate kuzaliwa, ilibidi mtu fulani, zamani sana, aende mwambani usiku na mwenge wake, amkute pono amelala, na arudi kuwaambia wenzake. Msemo ni shahada ya safari hiyo. Rangi ya njano na buluu haishuhudii kitu.

Majina huweza pia kuporwa. Mbele ya mji wa Unguja kiko kisiwa cha Changuu, kilichoitwa hivyo kutokana na samaki. Katika vitabu vya watalii kisiwa hicho karibu daima huitwa Kisiwa cha Gereza. Ni kweli kwamba jengo la gereza lilijengwa pale mwaka 1893, lakini halikutumika kuwa gereza. Liligeuzwa kuwa mahali pa karantini, walipowekwa wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Basi mgeni huvaa miwani yake na kuwatazama samaki katika mahali palipopewa jina la gereza lisilopata kufunga mtu, huku jina la samaki wenyewe limesahauliwa. Tusimlaumu mgeni peke yake. Mabango yanayomwelekeza huko tumeyaandika sisi.

Maneno mawili yanahitaji kuchunguzwa zaidi, nayo ni bustani na paradiso, kwani hayakosekani katika utungo wowote wa aina hii. Bustani ni mahali penye ua na mwenyewe, ambapo mtu hutembea akitazama maua asiyoyala. Anayeuita mwamba bustani amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba anayekuja pale kutafuta kitoweo ni mharibifu. Kwa wanawake wanaoshuka na vijiti maji yanapokupwa kwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza, mwamba uko karibu zaidi na shamba kuliko bustani: mahali panapojulikana tundu kwa tundu, panapovunwa na kupumzishwa, penye mwaka mzuri na mwaka mbaya. Ama paradiso, watu wa pwani wana neno lao la zamani, Pepo, na wanalitumia kwa uangalifu mkubwa. Peponi hapaendwi kwa tiketi, wala hapakaliwi kwa siku 14.

Kama upungufu huu ungekuwa wa mgeni peke yake tungeliuacha mjadala hapa na kumtakia safari njema. Lakini miwani yake imekwisha kuvuka pwani ikaingia madarasani mwetu. Katika insha za wanafunzi juu ya matembezi ya pwani ni kawaida kukuta mchanga mweupe kama theluji. Mwandishi amezaliwa Kawe. Theluji hajaiona ila katika picha; hata ile ya Kilimanjaro iko mbali naye mamia ya kilomita na inazidi kupungua. Angeweza kusema mweupe kama tui, kama chokaa, kama pamba iliyoanikwa, na kila msomaji wake angeona. Amechagua theluji kwa sababu ameiona katika maandishi yaliyosifiwa. Na ubaya wa tashibihi hiyo hauishii kwenye ugeni wake, maana inaficha ukweli ulio wa ajabu kuliko yenyewe. Pono anapokwangua mwamba humeza vipande vya matumbawe, huvisaga, na kuvitoa vikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa visiwa vyetu vya matumbawe imepitia tumboni mwa pono. Mwanafunzi ambaye angeandika hivyo katika insha yake angewachekesha wenzake darasani, na mwalimu angelazimika kumpa maksi.

Sokoni hali ni hiyo hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, mbali na bahari, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba, akauza kazi zake Oyster Bay, mwendo mfupi kutoka Kawe. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyomkosea mtu. Yeye alichora hasa wanyama wa porini, ndege na watu. Waliomfuata, ambao mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, wameongeza mambo mengi, na mojawapo ni picha za samaki. Mraba mzima umejaa samaki wa kila rangi, kila mmoja ametuonyesha ubavu wake, jicho moja kubwa likitukodolea. Ni kazi ya mikono stadi na hatuna nia ya kuibeza. Lakini tuulize mchoraji amesimama wapi. Katika nyingi ya picha hizo hakuna uso wa maji, hakuna dema, hakuna mshipi, hakuna kivuli cha ngalawa. Samaki wamemwelekea mtazamaji kama walivyomwelekea mtu mwenye miwani. Msanii ambaye huenda hajapata kupiga mbizi amejifunza kuona kama mnunuzi wake aonavyo. Ziko picha chache ambamo juu kabisa, katika ukanda mwembamba wa buluu, kuna ngalawa yenye watu wawili na mshipi unaoteremka katikati ya samaki wote wale. Picha hizo ndizo tunazozipenda sisi. Mshipi ule mmoja unaiunganisha dunia ya juu na dunia ya chini, na papo hapo samaki wanakuwa samaki.

Haki inatudai tuugeukie upande wa pili, kwani mhakiki anayemhukumu mgeni tu amefanya nusu ya kazi. Masimulizi ya likizo yana sifa moja ambayo fasihi yetu haina budi kuionea wivu: subira ya kutazama. Mgeni hutazama kwa saa nzima kitu asichokusudia kukila. Je, sisi tumepata kufanya hivyo katika maandishi? Ushairi wetu, tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi leo, umejaa bahari, lakini aghalabu bahari hiyo ni fumbo: chombo ni dola au ni mwili wa mtu, nahodha ni kiongozi, mawimbi ni matatizo, bandari ni salama. Ni mafumbo mazito na yametufaa. Hata hivyo msomaji huweza kupita diwani nyingi bila kulowa. Katika riwaya, Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inatupa bandari ya Unguja yenye jasho na mgomo, na hapo bahari ni mahali pa kazi na unyonyaji; chini ya maji hatuingii. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika mwaka 2001 riwaya ya Kiingereza juu ya mzee wa Unguja anayefika Uingereza kuomba hifadhi na kukaa katika mji mdogo wa pwani ya baridi. Mzee huyo anaifanya ile safari ya mgeni wetu kinyumenyume, kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, na hakuna anayeiita likizo. Ni kazi kubwa. Lakini nayo haikukusudia kutuonyesha pono.

Tena tusijidanganye kwamba ujuzi wa mvuvi umeenea kwa wote wanaokaa karibu na maji. Watu wengi wa Kawe walihamia kutoka bara, na bahari kwao ni mahali pa kupunga upepo Jumapili. Watoto wengi wa pwani hawajui kuogelea, na wasichana wamenyimwa nafasi hiyo zaidi ya wavulana. Na mwenye ujuzi si lazima awe mlinzi. Uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1970, uliendelea kwa miaka mingi baada yake, na miamba ya Mbudya na Bongoyo ilivunjwavunjwa na watu waliozijua vizuri sana njia za samaki. Baruti moja huua wakubwa na wachanga pamoja, na huacha kifusi ambamo tumbawe haliwezi kushika. Kisha mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, kuanzia pwani yetu hadi visiwa vya mbali. Joto hilo limerudi tena mara kadhaa tangu wakati huo. Mgeni anayeuona mwamba uliopauka huenda akausifu kwa weupe wake. Asiyejua palikuwa na nini hawezi kuona kilichoondoka. Na hapa ndipo upungufu wa majina unapoacha kuwa jambo la mtindo tu. Mwaka 1994 ilipitishwa sheria ya hifadhi za bahari. Ili mwananchi aweze kuijadili, akubali au akatae kipengele chake, lazima awe na maneno ya kutajia kile kinachohifadhiwa.

Kuna mahali ambapo jambo hili limejaribiwa. Mwaka huo huo wa 1994 mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ulitangazwa kuwa hifadhi. Kisiwa hupokea wageni wanaolipa, hao hao wa majira ya baridi, lakini waliofundishwa kuwa waangalizi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na wanafunzi wa shule za Unguja pamoja na walimu wao wamekuwa wakipelekwa huko, wakapewa miwani na mirija, wakatia nyuso zao majini. Tunaliona hili kuwa tukio la kifasihi si chini ya la elimu. Mtoto aliyelelewa na majina, akayasikia jikoni na sokoni, anamwona kwa mara ya kwanza mwenye jina akiwa hai, katika rangi zake, kabla hajawekwa juu ya ubao wa muuza samaki. Anayo subira ya mgeni na anayo kamusi ya bibi yake. Maandishi yatakayotoka katika mkutano huo bado hatujayapata, au tumeyapata machache mno.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko juu ya kilima, si mbali na Kawe. Huko ndiko ilikotayarishwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kazi ambayo kila mwalimu anaijua. Majina mengi ya samaki tuliyoyataja yamo ndani yake. Lakini aghalabu maelezo huishia kutuambia kwamba huyo ni samaki wa aina fulani wa baharini, basi. Anaishi wapi, anakula nini, ana miiba gani, analala vipi, hatuambiwi. Watunzi wa kamusi walikuwa na maneno maelfu kwa maelfu ya kushughulikia na hatuwezi kuwadai wavae miwani. Mwanafunzi wa Kawe aliye katika likizo ya Desemba, akiazima miwani kwa rafiki na akimwuliza mvuvi mmoja siku ya maji mafu, anaweza kuandika juu ya pono mistari mingi kuliko ile ya kamusi kabla ya saa nne ya asubuhi.